Wanaokesha ili rezo isikatike: historia ya kazi isiyoonekana, kutoka foni hadi M-Pesa

BARAKA, Fizi – Hapa Baraka maneno mawili yanatosha kuvuruga siku nzima ya mtu: "Rezo hakuna." Mama aliyekimbia vita na watoto wake amepata habari kwamba ndugu yake wa Lubumbashi amemtumia dola 20. Anafika kwa wakala, anataja namba yake, wanangoja pamoja, na mwishowe wakala anamwambia arudi kesho. Pesa yake haijapotea. Iko ndani ya mashine ambayo hajawahi kuiona. Lakini jioni hiyo haimnunulii unga wa muhogo wala ndagala.

Watu wamezoea kusema kwamba rezo ina tabia zake kama ziwa: leo imetulia, kesho imechafuka. Kuna ukweli ndani yake. Radi inaweza kupiga antena, na mafuta ya jenereta yanaweza kwisha. Hata hivyo, nyuma ya kila ujumbe unaofika kuna watu wanaokesha, na kazi yao ina historia, kanuni na walimu wake. Siku hizi kazi hiyo inafundishwa kwa majina mawili: devopsi, na uhandisi wa utegemevu, ambao wenyewe huufupisha kwa herufi SRE. Majina ni mapya. Swali ni la zamani, na watu wa kando ya Tanganyika walilijua kabla kompyuta haijafika: chombo kinachotegemewa na wengi, nani anakilinda, na kikiharibika usiku nani anaamka?

Enzi ya foni

Kabla ya simu za mkononi, sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo ziliongea kwa foni, yaani redio ya masafa marefu. Antena yake ilikuwa waya uliotandazwa juu, kati ya miti miwili. Umeme wake ulitoka kwenye batri ya gari iliyochajiwa kwa jua au kwa jenereta. Foni zilikuwa kwenye maparokia, hospitali, mashirika na kwa wafanyabiashara. Mwendeshaji aliwasha mashine kwa saa zilizokubaliwa, akaita kituo cha mbali, akapokea habari na kuziandika daftarini: bei ya mafuta, mgonjwa anayehamishwa, ndugu aliyefariki.

Mtu huyo alikuwa mjenzi na mlinzi kwa wakati mmoja. Yeye ndiye aliyefunga waya, aliyejua batri imebaki kiasi gani, na aliyeulizwa na familia uso kwa uso ujumbe usipofika. Aliweka saa maalumu ili kituo cha pili kisimngoje bure, na daftari ili atakayempokea kazi asianze gizani. Akipunguza maneno ili batri ifike jioni, alikuwa anapanga matumizi ya chombo kulingana na uwezo wake. Mambo hayo matatu, yaani saa, daftari na kujua uwezo wa chombo, yangali msingi wa kazi hii hata kwenye makampuni makubwa ya dunia.

Vita vya mwaka 1996 viliwavusha maelfu ya watu wa Fizi hadi Kigoma, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa upande wa Kasulu. Kwa miaka mingi habari za nani yu hai zilivuka ziwa kwa barua, kwa wasafiri, kwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu na kwa foni. Oktoba 2005, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilipoanza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, wengi walirudi kwenye nchi ambayo njia zake za kuongea zilikuwa zimeanza kubadilika.

Simu inafika, mlinzi anaondoka machoni

Kongo haikuwa nyuma katika simu za mkononi. Mwaka 1986, Miko Rwayitare alianzisha Telecel mjini Kinshasa, mmoja wa mitandao ya kwanza ya simu za mkononi barani Afrika. Simu zake ziligharimu maelfu ya dola, kwa hiyo zilikuwa za wakubwa na matajiri. Raia wa kawaida alingoja hadi miaka ya 2000, Celtel na baadaye Vodacom zilipoingia na kuuza unite kwa kadi ndogo. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Antena zikapanda vilimani, na foni zikaanza kukusanya vumbi.

Faida ilikuwa kubwa, lakini jambo moja lilipotea kimyakimya. Mwendeshaji wa foni alijulikana kwa jina na nyumba. Mlinzi wa antena na wa seva hajulikani. Rezo ikikatika, muuza unite pembeni ya barabara hajui zaidi ya mteja wake. Mjenzi wa programu yuko nchi moja, mwendeshaji wa seva yuko nchi nyingine, fundi wa antena yuko mji mwingine, na anayelipia kosa yuko Baraka.

Mgawanyiko huo haukuwa wa Kongo peke yake. Kwenye makampuni ya kompyuta duniani kote kulikuwa na ukuta kati ya makundi mawili. Kundi la kwanza liliandika programu, na lilisifiwa kwa kuleta vitu vipya haraka. Kundi la pili liliendesha mashine, na lilisifiwa ikiwa hakuna kilichoharibika. Mmoja analipwa kwa kubadilisha, mwingine kwa kuzuia mabadiliko. Programu mpya ilirushwa juu ya ukuta siku ya Ijumaa jioni, na waendeshaji wakabaki nayo usiku kucha. Ilipoanguka, wajenzi walisema mashine ni mbovu, na waendeshaji wakasema programu ni mbovu.

Miaka iliyobomoa ukuta

Mwaka 2003 kampuni ya Google ilimkabidhi Ben Treynor Sloss timu ya watu saba waliotakiwa kuendesha mitambo yake. Yeye alikuwa mwandishi wa programu, akaipanga kazi kama mwandishi wa programu angeipanga. Kazi ileile inayorudiwa kwa mikono kila siku, timu iliandikie programu ili mashine ijifanyie. Na ili walinzi wasimezwe na dharura, waliwekewa mpaka: kazi za kuzima moto zisizidi nusu ya muda wao, nusu nyingine iende kwenye kutengeneza kinachozuia moto. Huo ndio mwanzo wa uhandisi wa utegemevu. Mwaka 2016 Google ilitoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo, na leo mtu yeyote anaweza kukisoma bure kwenye intaneti.

Upande wa pili ulianza mwaka 2009. Mwezi wa Juni, John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr, tovuti ya kuhifadhi picha, walisimama kwenye mkutano huko California wakaeleza jinsi wajenzi na waendeshaji wao wanavyoshirikiana hadi kuweka mabadiliko zaidi ya mara 10 kwa siku. Wengi walidhani ni wazimu, kwa kuwa walizoea kubadilisha mara chache kwa mwaka. Patrick Debois, Mbelgiji aliyechoshwa na ukuta ule, aliufuatilia mjadala huo akiwa mbali, kisha Oktoba mwaka huohuo akaitisha mkutano wake katika mji wa Ghent. Jina devopsi lilitoka kwenye mkutano huo, kwa kuunganisha vifupisho viwili vya Kiingereza: kimoja cha ujenzi wa programu, kimoja cha uendeshaji.

Hoja yao inashangaza mara ya kwanza: mabadiliko madogo ya mara kwa mara ni salama kuliko badiliko moja kubwa la mwaka. Mvuvi anaelewa haraka. Anayetengeneza tundu moja la wavu kila asubuhi anajua hasa alichogusa jana. Anayengoja wavu wote uchakae, kisha akaushona upya kwa siku moja, ataingia ziwani bila kujua fundo lipi limelegea.

M-Pesa: mtihani wa Afrika Mashariki

Kazi hii ilipimwa kwa ukali zaidi karibu na kwetu, kwenye pesa za simu. Oktoba 2005, mwezi uleule meli zilipoanza kuleta wakimbizi Baraka, Safaricom na Vodafone walianza jaribio dogo nchini Kenya. Waliosimamia wazo hilo walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie. Watu waliojaribu walikuwa chini ya 500, na lengo lilikuwa kulipa mikopo midogo kwa simu. Lakini wateja walifanya mambo ambayo wajenzi hawakuyapanga: walitumiana pesa wao kwa wao, wakalipana deni za biashara, wakawatumia jamaa zao unite. Wajenzi walikaa karibu na wateja hao, wakaona, wakabadilisha mpango. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 6, 2007, tangazo lake liliwaambia watu watume pesa nyumbani.

Tanzania ilifuata mwaka 2008, na Vodacom ikaileta Kongo mwaka 2012. Kufikia mwaka 2010 wateja wa Kenya walizidi milioni 9, na mfumo uliojengwa kwa ajili ya wachache ukaanza kuelemewa. Mwisho wa mwezi na siku za sikukuu, wakati kila mtu anatuma pesa, ujumbe ulichelewa. Isitoshe, seva hazikuwa Kenya. Zilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kisumu aliyemtumia mama yake wa Kakamega shilingi 500, amri yake ilisafiri hadi Ulaya na kurudi ndipo mama apate ujumbe.

Aprili 2015 Safaricom ilikamilisha kuhamishia seva hizo Kenya, kwenye mfumo mpya. Kazi ya namna hiyo ni kama kubadilisha injini ya boti iliyojaa abiria katikati ya ziwa. Mamilioni ya akaunti yanahama, na hakuna hata franka moja inayoruhusiwa kudondoka njiani. Ndiyo maana kazi kubwa za mfumo wa pesa hufanywa usiku wa manane, wakati wateja ni wachache, nao hutangaziwa mapema. Safaricom ilipobadilisha moyo wa M-Pesa tena Septemba 2025, iliwaonya wateja kabla kwamba huduma itasimama saa chache za usiku.

Kuhamisha seva karibu hakukumaliza matatizo yote. Aprili 24, 2017, mtandao wa Safaricom ulianguka kwa saa kadhaa karibu Kenya nzima. Watu walishindwa kupiga simu, kununua mafuta na kulipia chakula kwenye mikahawa, maana walikuwa wameacha kutembea na pesa mkononi. Mkurugenzi wake wa wakati huo, Bob Collymore, aliomba radhi hadharani. Siku hiyo Kenya iliona kwamba huduma ya kampuni moja imegeuka kuwa kama barabara kuu ya taifa, na kwamba barabara moja haitoshi.

Wengine katika eneo letu walitafuta jibu lao wenyewe. Kundi la Ushahidi, lililoanza Kenya Januari 2008 kwa kukusanya habari za ghasia za baada ya uchaguzi, lilichoshwa na umeme na intaneti vya kukatika. Mwaka 2013 watu wake walitangaza BRCK, kisanduku cha intaneti chenye batri ndani yake, kinachohamia kwenye njia nyingine ya mawasiliano ile ya kwanza inapokatika. Kilibuniwa kwa kuanzia na hali halisi ya Afrika: umeme utakatika, swali ni kitakachofuata.

Hesabu ya dakika

Walinzi wa mitambo hawasemi tu kwamba rezo ni nzuri au mbaya. Wanahesabu, na hesabu yao ni rahisi.

Kampuni ikiahidi kwamba huduma yake itapatikana asilimia 99 ya muda, inasikika vizuri. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 1 iliyobaki ni saa 7 na dakika 12 za giza. Ikiahidi asilimia 99.9, giza linashuka hadi dakika 43. Ikiahidi asilimia 99.99, linabaki dakika 4 na kidogo. Kila hatua mbele inagharimu zaidi: mashine za ziada, njia za ziada, watu wa ziada usiku. Hakuna mfumo unaofika 100, na anayeahidi 100 hasemi kweli.

Hapo walizua kitu kinachoitwa bajeti ya makosa. Ikiwa dakika 43 zinaruhusiwa kwa mwezi na zilizotumika ni 10, wajenzi wanaweza kujaribu mambo mapya. Zikiisha zote, mambo mapya yanasimama hadi kilichovunjika kitengenezwe. Ugomvi wa zamani wa ukuta uligeuka hesabu ambayo pande zote mbili zinaiona ubaoni.

Kuna kanuni nyingine muhimu zaidi kwa mtu wa Baraka: pima ukiwa upande wa mteja. Antena inaweza kuwaka, seva ikafanya kazi, na ofisi ya mjini ikaandika kwamba mambo ni mazuri, huku mteja wa Fizi-Centre akishindwa kutoa pesa. Kipimo cha kweli ni hiki: kati ya watu 100 waliojaribu kutoa pesa leo, wangapi walifaulu, na walingoja muda gani? Na saa 7 za giza si sawa siku zote. Zikiangukia usiku wa Jumapili, wengi hawatazijua. Zikiangukia asubuhi ya msaada wa pesa kwa wakimbizi wa ndani, au siku ya soko, zinawarudisha watu nyumbani mikono mitupu.

Siku WhatsApp ilipozimika

Wengi wanakumbuka Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilipozimika dunia nzima kwa takriban saa 6. Uvumi ulienea haraka kwamba ni wadukuzi au ni vita. Maelezo ambayo kampuni yenyewe iliyatoa yalikuwa ya kawaida zaidi. Katika matengenezo ya kila siku, amri moja iliyokusudiwa kupima uwezo wa mtandao ilikata viungo vyote kati ya vituo vyao vya seva. Kulikuwa na programu ya kuzuia amri mbaya kama hiyo, lakini nayo ilikuwa na kasoro. Kisha vifaa vya kurekebisha tatizo vikashindwa kufanya kazi, kwa sababu navyo vilitegemea mtandao uleule uliokatika. Ilibidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye mashine, na kuingia ndani kulichukua muda.

Funzo ni fupi: ufunguo wa akiba haufungiwi ndani ya nyumba. Fundi wa hospitali anayeweka namba zote za dharura ndani ya kompyuta peke yake atakosa pa kupiga siku kompyuta inapokufa. Karatasi ukutani bado ina kazi yake.

Funzo la pili ni jinsi ya kuongea baada ya ajali. Katika kazi hii, huduma ikirudi, timu inakaa na kuandika: kilitokea nini, saa ngapi, nani aligundua na kwa njia gani, kwa nini kinga haikufanya kazi, na nini kitabadilishwa. Jina la aliyebonyeza halitafutwi ili aadhibiwe. Wazee wa Kibembe wanaijua lubunga, mahali pa kukaa na kuchambua jambo kabla ya uamuzi. Kikao hiki kinafanana na lubunga katika kusikiliza hadi mwisho, ila faini haipo. Sababu yake ni ya manufaa. Fundi anayejua kwamba atafukuzwa ataficha kosa, na kosa lililofichwa litarudi na kuwakuta wengine. Fundi anayeruhusiwa kusema kweli anawafundisha wote.

Kutowinda mtu hakumaanishi kutowajibika. Kampuni inabaki na deni la kuwaeleza wateja wake, na timu inabaki na deni la kutengeneza.

Giza la amri na giza la vita

Kuna kukatika ambako hakuna fundi anayeweza kukuzuia. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, serikali ilizima intaneti Kongo nzima, na huduma ilirudi baada ya takriban siku 20. Mitambo ilikuwa mizima. Amri ndiyo iliyoizima. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na majibu yake yako kwa watawala, sheria na raia.

Njia ndefu nazo zina hatari zake. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Familia zenye ndugu ng'ambo ya ziwa zilihisi pigo la tukio lililotokea maelfu ya kilometa mbali nao.

Kisha kuna vita. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango. Pesa za simu zikawa njia kuu ya watu kuishi. Desemba 2025 mapigano yalipofika Uvira, familia nyingi zilivuka kwenda Burundi, nyingine zikashuka kusini kuelekea Baraka na Fizi. Mtu anayekimbia hawezi kubeba gunia, lakini kadi sim inaingia kwenye mkunjo wa kitenge. Ndani yake mna akiba yake, namba za ndugu, na picha za nyumba iliyobaki nyuma.

Miezi hiyo ilionyesha pia mpaka wa mashine. Mjini Goma mfumo wa simu uliweza kufanya kazi vizuri, lakini wakala akakosa noti, na kamisheni ya kutoa pesa ikapanda. Kwa mteja, matokeo ni yaleyale: pesa iko, haitoki. Utegemevu unaanzia kwenye seva na kuishia kwenye mkono wa mama, na kiungo kimoja kikikosekana njiani, vyote vilivyobaki havimsaidii.

Fundi wa Baraka aanzie wapi

Vijana wengi wa Kivu Kusini wanasoma informatiki, na wachache wanapata kazi kwenye hospitali, mashirika, redio, shule na ofisi za simu. Mara nyingi fundi mmoja ndiye mjenzi, mwendeshaji na mlinzi wa usiku, kama yule wa foni. Hilo ni mzigo, lakini pia ni nafasi, kwa kuwa kwake ukuta haupo. Kazi hii hahitaji kuisubiri hadi afike Nairobi.

La kwanza ni daftari. Kila mashine iandikwe: iko wapi, inafanya nini, inategemea nini, nani anajua neno la siri. Kila kukatika kuandikwe na saa yake. Baada ya miezi 3 daftari litasema lenyewe kama adui mkuu ni umeme, joto, virusi au mtoa huduma.

La pili ni nakala za akiba. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ni matumaini tu. Siku moja kila mwezi, fundi achukue nakala na kuirudisha kwenye kompyuta nyingine, aone kama orodha ya wagonjwa inafunguka. Na nakala moja ikae nje ya jengo, kwa kuwa moto na wizi havichagui.

La tatu ni mazoezi. Kompyuta ya zamani yenye Linux inatosha kujifunzia. Programu ya Git, inayotunza historia ya kila badiliko, ni ya bure, na ikishawekwa inafanya kazi bila intaneti. Kwa Kiwix mtu anaweza kupakua vitabu na Wikipedia mara moja, kisha akasoma bila rezo. Ugumu halisi ni lugha, kwani maandishi mengi ni ya Kiingereza, na umeme wa kusomea. Kikundi cha vijana 4 au 5 kinachogawana tafsiri na batri kinaenda mbali kuliko mmoja mmoja.

La nne ni kujiandikia msaada. Kazi unayoirudia kila asubuhi kwa mikono, iandikie programu ndogo. Muda unaobaki uutumie kuzuia tatizo la kesho.

La tano ni kusema kweli. Mfumo ukisimama, watumiaji waambiwe mapema: kimeharibika nini, nini kinafanyika, na habari nyingine itatoka saa ngapi. Kuambiwa "rudi kesho" bila maelezo kunamgharimu mtu safari ya bure, na kwa aliye kwenye familia iliyompokea, kunamgharimu pia heshima mbele ya mwenyeji wake.

Wateja nao wana haki ya kuuliza. Kampuni iliyotangaza huduma yake Fizi iulizwe ni saa ngapi kwa mwezi huduma hiyo haikupatikana Fizi, siyo Kinshasa. Iulizwe kama antena ina batri ya kutosha usiku, kama matengenezo hutangazwa kwenye redio za hapa kabla hayajaanza, na kama aliyekwama na pesa yake ana namba ya kupiga inayopokelewa na mtu. Mwendeshaji wa foni aliulizwa maswali hayo kila siku mlangoni kwake, naye alijibu. Walio kwenye nafasi yake leo wana mashine bora zaidi, na deni la kujibu ni lilelile.